Viungo vya Mwili: Bawaba Zinazojipaka Mafuta



Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya mpunga, nilipata kuketi barazani pa mzee mmoja mkulima, si mbali na mji wa Ifakara. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamekwenda shambani, naye alibaki peke yake juu ya mkeka, miguu ameinyosha mbele yake. Nilipomwuliza hali, alijibu:

"Maalim, magoti yangu yamekwisha. Nimelima bonde hili kwa miaka arobaini. Bawaba ya mlango ikifunguliwa na kufungwa sana huliwa mpaka ikaisha. Basi nimeamua kuyapumzisha haya yaliyobaki, nisije nikayamaliza kabla ya siku zangu."

Tangu masika mzee yule alikuwa hatembei ila kutoka kitandani mpaka barazani. Shambani haendi, kwa jirani haendi, na msikitini watu walikwisha zoea kutomwona. Maneno yake yalinikaa moyoni, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu yake ni kosa kubwa, na kosa hilo limewaketisha chini watu wengi ambao bado wangeweza kutembea. Ili tuitenge kweli na kosa, yafaa kwanza tujue kiungo ni kitu gani, kimejengwaje, na kinaishi kwa kula nini.

KIUNGO NI NINI?

Neno "viungo" lina maana nyingi katika lugha yetu. Mpishi akilitaja huwaza pilipili manga na mdalasini, na wengine huita viungo sehemu zote za mwili. Katika somo hili tunakusudia maungio tu, yaani mahali ambapo mfupa hukutana na mfupa mwingine.

Mtu mzima ana mifupa 206. Kama mifupa hiyo ingalikuwa kitu kimoja kisicho na maungio, mwanadamu angalisimama kama nguzo, asiweze hata kupeleka tonge kinywani. Hata hivyo si maungio yote yanayocheza sawa. Tabibu mashuhuri Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb aliyagawa maungio kwa kadiri ya mwendo wake, na mpaka leo mafundisho ya madaktari yanafuata njia iyo hiyo. Kuna maungio yasiyocheza, kama yale ya mifupa ya fuvu la mtu mzima, ambayo imeshikana kama mbao zilizoumanishwa na seremala hodari. Kuna yanayocheza kidogo, kama yale yaliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, ambamo mna visahani vya gegedu vinavyopokea mishindo. Na kuna yanayocheza kwa wepesi, ambayo ndiyo mengi zaidi, nayo ndiyo tutakayoyasoma.

KIUNGO KINACHOCHEZA KIMEJENGWAJE?

Chukua goti kuwa mfano, kwa kuwa ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi hazigusani mfupa kwa mfupa. Kila ncha imevikwa gegedu, yaani ganda jeupe, laini na lenye kuteleza, ambalo unene wake ni milimita chache tu. Aliyechinja kuku au mbuzi amekwisha kuliona mara nyingi.

Maungio hayo yamefungwa ndani ya mfuko mgumu unaozunguka pande zote. Upande wa ndani wa mfuko huo una utando mwembamba unaotoa ute unaonata kama ute wa yai. Katika goti zima ute huo haujazi hata kijiko kimoja cha chai, lakini kazi yake ni kubwa: ndio mafuta ya bawaba.

Nje ya mfuko mna ligamenti, yaani kamba fupi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina nyingine mbili ndani yake zilizopishana kama herufi X, nazo huzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala nyuma. Tena kuna kano, ambazo hufunga msuli kwenye mfupa, ili msuli unapojikunja mfupa ufuate. Mwisho, goti lina vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyowekwa kati ya paja na muundi kama kata inavyowekwa kati ya kichwa na mtungi, ili uzito usikae mahali pamoja. Mbele yake kuna kile kifupa kidogo kiitwacho pia ya goti, au kilegesambwa.

AINA SITA ZA VIUNGO

Viungo vinavyocheza vimegawanywa katika aina sita. Mwenye kutaka kuzijua zote hana haja ya kwenda mbali. Na amtazame mkulima wa mpunga wa Kilombero tangu anapolima mpaka anapokula.

Aina ya kwanza ni tufe na kikombe. Ncha ya mfupa mmoja ni mviringo kama tufe, nayo hukaa ndani ya shimo la mfupa mwingine. Kiungo hiki huenda mbele, nyuma, kando na kuzunguka. Mkulima ainuapo jembe, na mtoto azungushapo kombeo kuwafukuza ndege shambani, ndilo bega linalofanya kazi. Nyonga nayo ni ya aina hii. Lakini tazama hekima iliyomo: kikombe cha bega ni kifupi, hivyo mkono huenda pande nyingi lakini huteguka upesi, kikombe cha nyonga ni kirefu, hivyo mguu hauna uhuru wa mkono, bali hubeba mwili mzima pamoja na gunia na usiteguke kwa urahisi. Kila kimoja kimepewa kadiri ya kazi yake.

Aina ya pili ni bawaba, inayokunjika na kunyoka upande mmoja tu kama mlango. Kiwiko cha mkono ni hivyo, na maungio ya vidole pia, na kifundo cha mguu. Goti nalo huhesabiwa humo, ingawa likiwa limekunjwa huweza pia kuzunguka kidogo.

Aina ya tatu ni mhimili, ambapo mfupa mmoja huzunguka juu ya mwingine au kando yake. Katika shingo pingili ya pili ina kijino kilichosimama juu, na pingili ya kwanza, iliyo kama pete, hukizunguka. Kichwa kikiitikia "ndiyo", kazi hufanywa zaidi kati ya fuvu na pingili ya kwanza. Kikikataa "siyo", kazi hufanywa zaidi kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Nasi tunapotoa salamu kuume na kushoto mwishoni mwa Sala, ni mhimili huo unaotugeuza. Mhimili mwingine uko mkononi karibu na kiwiko: mkulima akichota mbegu kwa kiganja kilichoelekea juu, kisha akakigeuza kuzimwaga, mfupa mmoja wa mkono umeuzunguka mwenziwe.

Aina ya nne ni tandiko. Mifupa miwili hupandana kama mtu aliyeketi juu ya tandiko la punda. Mfano wake ulio bora ni shina la kidole gumba. Kwa kiungo hiki gumba huweza kuvielekea vidole vingine vinne, na kwa sababu hiyo mtu hushika mpini wa jembe, mundu, sindano na kalamu. Mwenye kutia shaka na ajaribu kufunga kifungo cha shati bila ya gumba.

Aina ya tano ni yai. Ncha yenye umbo la yai hukaa katika shimo lenye umbo kama hilo, nayo hucheza mbele na nyuma, kuume na kushoto, lakini haijizungushi yenyewe. Kifundo cha mkono ni cha aina hii, na mama apetaye mchele kwa ungo hukitumia tangu asubuhi mpaka jioni.

Aina ya sita ni mtelezo, ambapo nyuso bapa za mifupa huteleza kidogo moja juu ya nyingine. Ndivyo vilivyo vifupa vinane vya kifundo cha mkono kimoja kwa kingine, na vingi vya mguuni. Mtu akanyagapo tope la jaruba, lenye mashimo na mabonge, mguu wake hujipinda kulifuata tope kwa sababu ya mitelezo hiyo midogo. Kama mguu ungalikuwa kitu kimoja kama mti wa mchi, angalianguka kila hatua.

KIUNGO HULA KWA KUTEMBEA

Sasa turudi kwa mzee wetu na bawaba yake. Bawaba ya chuma haina uhai. Kila ikizungushwa hupungua, wala haiwezi kujirudishia chembe iliyoliwa. Je, kiungo ni hivyo?

Gegedu ni kitu hai, lakini lina jambo la ajabu: ndani yake hamna mishipa ya damu hata mmoja. Nyama hulishwa na damu, mfupa hulishwa na damu, bali gegedu hulishwa zaidi na ule ute. Na chakula hakifiki vizuri isipokuwa kiungo kitumike. Tukikanyaga chini, uzito hulibana gegedu kama mtu akamuavyo sifongo, na maji yenye taka hutoka. Tukiinua mguu, gegedu hutanuka na kunywa ute mpya wenye chakula. Hivyo kila hatua ni tonge. Mwenye kuliketisha goti lake miezi na miezi hakulipumzisha, amelinyima chakula.

Ute wenyewe nao una tabia kama ya uji: ukiachwa hutulia na kuwa mzito, ukikorogwa hulegea. Hii ni sababu mojawapo viungo huwa vizito alfajiri, kisha hulegea baada ya hatua kadhaa. Wengi huuona uzito ule wa asubuhi wakadhani ni amri ya kurudi kitandani, na kumbe hatua chache zingeuondoa.

Tena kuna jambo la tatu. Goti halishikwi na ligamenti peke yake. Hushikwa na msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mtu asipotembea, msuli huo hukonda, na mfuko wa kiungo hujikaza. Siku atakaposimama, uzito wote huanguka juu ya gegedu lenye njaa, bila ya msuli wa kulisaidia. Maumivu huzidi, naye husema, "Naam, nilijua goti limekwisha." Kumbe limeishia kwenye mkeka.

Pamoja na hayo, mzee alikuwa na nusu ya kweli. Gegedu likichakaa halirudi kama lilivyokuwa, na kuna mizigo inayolichakaza: kuinama kutwa nzima kwa jembe la mpini mfupi, kubeba magunia mazito, kuumia goti na kulirudisha kazini kabla halijapona. Unene nao ni mzigo usiotuliwa. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2005 juu ya wazee wenye maradhi ya magoti uliona ya kwamba kila kilo moja mtu aliyopungua iliondoa mzigo wa kilo nne hivi juu ya goti katika kila hatua. Kwa hiyo njia iliyo sawa imo katikati: kiungo kisilazwe, wala kisibebeshwe kupita nguvu zake.

MAUMIVU YASIYOFAA KUNGOJEWA

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani kila kiungo kinachouma dawa yake ni kutembea. Hapa pana hatari, na kutoijua kumewagharimu watu viungo vyao na hata roho.

Nilimjua mtoto wa jirani aliyeshikwa na homa, kisha akakataa kukanyaga kwa mguu wake wa kulia, na akilia kila aliyejaribu kuunyosha. Watu wa nyumbani walisema ameanguka; wengine walisema ametupiwa. Akakandwa kwa majani ya moto na kuchanjwa chale. Siku nyingi zilipita kabla hajapelekwa hospitali, na huko nyonga yake ilikutwa imejaa usaha. Alipona homa, Mwenyezi Mungu alimhifadhi roho yake, lakini mguu ule ulibaki mfupi kuliko mwenziwe. Wadudu wa usaha huweza kuliharibu gegedu kwa muda wa siku chache tu. Basi lishike neno hili: mtoto mwenye homa na kiungo kimoja kilichovimba, chenye moto, au asichotaka kiguswe, apelekwe hospitali siku ile ile. Asikandwe, asivutwe, asichanjwe. Na aliye na ugonjwa wa selimundu aangaliwe zaidi, kwa maana mifupa na viungo vyake huvamiwa upesi.

Yako na mengine. Mtoto akiumwa koo, na baada ya wiki mbili tatu viungo vikubwa vikavimba kwa zamu, leo goti na kesho kiwiko, huenda ni homa ya baridi yabisi. Viungo vitapona, bali moyo waweza kubaki na kilema cha maisha usipopata dawa mapema. Jongo humshika mtu usiku kwa ghafula, mara nyingi katika shina la kidole gumba cha mguu. Brusela huja kwa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa, pamoja na homa isiyoisha na maumivu ya mgongo na viungo. Kwa hiyo maziwa na yachemshwe.

Na kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake lilitoka katika nchi yetu likaenea duniani. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, watu wengi walishikwa ghafula na homa na maumivu makali ya viungo hata wakatembea wamejikunja. Wenyewe wakauita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kukunja. Mwaka 1955 madaktari waliutangaza kwa jina hilo, na jina halijabadilika. Ulitokea Lamu mwaka 2004, kisha ukavuka kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi. Huletwa na mbu aumaye mchana, azaaye katika vifuu, makopo na mapipa ya maji. Katika bonde kama la Kilombero, ambako mbu wamechunguzwa tangu miaka ya 1950 na maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, hakuna asiyejua kazi ya mbu kwa malaria. Tukumbuke kwamba wako mbu wengine ambao shabaha yao ni viungo.

Mwisho, mtu akiteguka bega au kiwiko, usimvute. Ufunge mkono wake kwa kanga shingoni, umpeleke kwa wenye ujuzi. Na vidonge vya maumivu vinunuliwavyo bila ya ushauri visiwe chakula cha kila siku, kwa maana vingi huchoma tumbo na kuharibu mafigo.

TUFANYE NINI?

Kwa aliye mzima: abadili kazi katika siku yake, asiiname kutwa, atumie mpini mrefu kidogo, na anapoinua mzigo akunje magoti, asikunje mgongo. Kwa mzee ambaye magoti yake yamechakaa, baada ya kuonwa na mganga wa hospitali: aketi juu ya kiti, anyoshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, auache hewani kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha aushushe, afanye hivyo mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Halafu atembee kidogo kila siku, akiongeza pole pole, na fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima.

Haya ndiyo niliyomweleza mzee yule, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu asiyesadiki. Siku ile tulitembea pamoja mpaka kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Sitasema kwamba alipata magoti ya ujana, kwani hayo hayarudi. Lakini mavuno yaliyofuata nilimkuta ukingoni mwa shamba lake, fimbo mkononi, akiwakaripia wajukuu waliowaachia ndege mpunga. Na Ijumaa alikuwa msikitini, akisali juu ya kigoda, kama dini inavyomruhusu asiyeweza kusujudu.

Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo mia tatu na sitini, na katika mapokezi mengine akaeleza kwamba kila kiungo kina sadaka yake kila siku lichomozapo jua: kumsaidia mtu na mzigo wake, kusema neno jema, kuondoa kitu kinachodhuru njiani. Angalia, ndugu msomaji, ya kwamba shukrani ya viungo haikuwekwa katika kuvihifadhi kama fedha chini ya mto, bali katika kuvitumia kwa wema. Mzee yule alidhani anaweka akiba. Kiungo hakina akiba ila ile inayopatikana kwa kutumika kwa kiasi.

Mwenyezi Mungu atujalie kuijua neema iliyomo miilini mwetu kabla hatujaondokewa nayo. Amin.